Zamu ya Narcisse

Mume wangu Alcide alipiga gitaa la ridhimu na kuimba, na bendi ya jazi ilikuwa yake. Hapa kwetu New Orleans kiongozi humwita mpigaji kwa jina zamu yake ya kupiga peke yake ikifika. Siku ya kurekodi santuri nilikuwepo. Walinikataza kuingia, nikaingia nikakaa. Mdogo wake Narcisse, mpiga klarineti, tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia.

Katikati ya wimbo Alcide akapaza sauti, "Haya Narcisse, waambie!"

Wenzake wakashusha vyombo. Nani angethubutu kuichukua zamu ile? Gitaa likaenda peke yake, chaka, chaka, mpaka zamu ikaisha, ndipo tarumbeta ikaingia.

"Turudie, mzee," akasema fundi wa mitambo. "Umemwita mtu hayupo."

"Hayupo kwenu. Ukimkata yeye, umenikata na mimi."

Wakamkata, mwito na zamu yote. Santuri ilipotoka, wimbo uliruka pale kama mtu aliyejikwaa. Majirani wakanipongeza, "Mama Odile, mumeo anaimba huyo!" Mwenyewe hakuisikiliza hata mara moja. Gitaa alilitundika ukutani, na hata jikoni hakuimba tena mpaka nikamzika.