Mwaka Nilipojifunza Kusukuma Chapati

Mke wangu alituacha mwezi wa nne, mvua ikinyesha kila siku, tukamzika shambani kwetu juu kidogo ya mibuni. Watoto wetu watatu walikaa nami wiki mbili, kisha kila mmoja akarudi kwenye kazi yake, na mimi nikabaki katika nyumba ambayo hadi wakati huo sikuwa nimewahi kusikia saa ya ukutani ikigonga.

Nilifundisha useremala kwa miaka mingi katika chuo kimoja cha ufundi hapa Nyeri. Naweza kukutengenezea kabati bila kutumia msumari hata mmoja. Lakini nakiri kwamba nilipobaki peke yangu, kitu pekee nilichojua kupika ni chai, na hata hiyo majirani walikuwa wakiinywa kwa heshima tu.

Krismasi kwetu ilikuwa na utaratibu wake. Tarehe ishirini na nne mchana simu ilikuwa ikilia, na binti yangu mkubwa akisema, "Baba, tumefika Kenol." Hapo nilijua hawajafika hata nusu ya njia kutoka Nairobi, na bado nina muda wa kufagia kiwanja na kumfunga mbwa. Asubuhi ya siku yenyewe tulienda kanisani, na tukirudi, mimi na mwanangu wa kiume na wakwe zangu wawili, waume wa binti zangu, tulichinja mbuzi na kumchoma nyuma ya nyumba, tukipiga hadithi. Kisu nilikishika mimi. Kila mtu nilimkatia fungu lake, watoto wakapewa masikio ya mbuzi wapate kuwa wasikivu, ingawa sijaona dalili.

Chapati zilitoka jikoni. Ndivyo nilivyokuwa nikiona mambo: zilitoka jikoni kama maji yanavyotoka mferejini. Sahani moja ikiisha, nyingine inaletwa, imefunikwa kitambaa, ya moto. Mke wangu alizaliwa Kangema, na alikuwa akisema kwamba alipokuwa mtoto unga wa ngano ulionekana nyumbani kwao mara moja tu kwa mwaka. Kwake yeye, Krismasi bila chapati ilikuwa Jumanne ya kawaida.

Mwezi wa kumi na moja binti yangu mkubwa alinipigia simu. Yeye ni muuguzi Nairobi, na ana sauti ya kumpa mtu habari polepole.

"Baba, tumeongea sisi watatu. Mwaka huu tutakuchukua twende Nanyuki. Kuna hoteli nzuri, watoto wataogelea. Hatutaki upate shida."

"Shida gani?"

"Ya kupika. Na ya... ya hiyo nyumba, Baba."

"Mama yenu yuko hapa," nikamwambia. "Mtakuja hapa. Chakula kitakuwepo."

"Nani atapika?"

"Nimesema kitakuwepo."

Nilipokata simu ndipo nilipojiuliza swali hilohilo.

Karatina, pembeni mwa soko, kuna mama mwenye kibanda cha chai ambaye nilikuwa nikipumzika kwake kila nilipoenda kununua mbegu za viazi. Nilimkuta anasukuma chapati, nikasimama kando hadi wateja walipopungua, nikamwomba anifundishe.

"Ati nini?" Alicheka hadi akaweka chini kijiti chake cha kusukumia. "Mzee mzima kama wewe! Mama yuko wapi?"

"Alifariki. Watoto wanakuja Krismasi."

Kicheko kikamwisha. Akafuta mikono kwenye leso yake, taratibu, kidole kwa kidole. "Kuja Jumatano," akasema. "Jumatano si siku ya soko, watu ni kidogo. Hakuna mtu atakuangalia."

Nilienda Jumatano tano. Ya kwanza nilikanda unga kama mtu anayepiga randa, na yule mama akanishika mkono. "Mzee, hii si mbao. Ukiisukuma na nguvu, inakasirika. Iache ilale." Sikuwa najua kwamba unga hulala. Alinifundisha maji ya vuguvugu, alinifundisha kupaka mafuta na kukunja donge kama konokono, na kungoja, ambalo ndilo somo lililonishinda zaidi. Nyumbani nilijaribu peke yangu. Za kwanza niliwatupia kuku. Walizidonoa, wakatazamana, wakaenda zao. Jumatano ya tano yule mama alikula moja nzima na chai yake, kisha akasema, "Hii mtu anaweza kula." Katika maisha yangu nimepata vyeti ambavyo havikunifurahisha hivyo.

Tarehe ishirini na nne simu ilipolia kutoka Kenol, mimi nilikuwa tayari nimekanda. Gari lilipoingia kiwanjani, chapati zilikuwa zimepandana juu ya meza ya jikoni, zimefunikwa, na mimi nimesimama kando yake nikiwa na unga hadi kwenye nyusi, kama mwanafunzi anayesubiri alama.

Binti yangu mkubwa aliingia wa kwanza. Alikuwa amebeba paketi mbili za unga na aproni mpya begani. Aliinua kitambaa, akatazama.

"Nani amepika hizi?"

"Mimi."

"Umepika zote?"

"Zote. Na kesho nitapika nyingine."

Niliona uso wake ukikunjamana. Aliweka ule unga mezani, akageuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wajukuu wakaingia mbio, wakanikumbatia miguu, "Guka! Guka!" na dakika haikupita kila mmoja alikuwa na chapati mkononi. Mkwe wangu alinisifu sana, sifa za mtu aliyesafiri na njaa. Lakini mimi masikio yangu yalikuwa nje.

Nilimkuta kwenye tangi la maji, amenipa mgongo, anajifuta macho kwa ile aproni.

"Ni mbaya?" nikamwuliza.

"Sijaonja."

"Basi ni nini, mama?" Mimi humwita hivyo, kwa kuwa amepewa jina la mama yangu.

Akaikunja ile aproni. "Tangu tutoke Nairobi nimekuwa nikijiambia, nikifika nitaingia jikoni kwa Mama, nifunge mlango, nipike chapati kama alivyonifundisha, nilie humo ndani nimalize. Siku ya mazishi sikulia, Baba. Nilikuwa naangalia wageni. Sasa nimefika, nakuta umemaliza."

"Nilidhani nakupunguzia kazi."

"Najua."

Tukasimama hapo. Wingu lilikuwa limeufunika mlima, na baridi ilianza kuteremka. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Baba, unakumbuka Mama alikuwa akikaa wapi siku ya Krismasi?"

"Pale mezani," nikasema. "Karibu na..."

Nilijaribu kumwona. Nilimwona kanisani asubuhi, amefunga kitambaa chake cheupe kichwani. Niliuona mkono wake ukiweka sahani mbele yetu na kuondoa nyingine tupu. Lakini uso wake mezani, akiwa ameketi, anatafuna, anacheka na sisi, sikuupata hata mwaka mmoja. Na tulikuwa tumekula Krismasi arobaini na moja katika ndoa yetu.

"Alikuwa akila amesimama," binti yangu akasema. "Jikoni. Alikuwa anachukua ile chapati iliyopasuka ambayo hakutaka kuwapa watu. Nikimwambia, Mama njoo ukae, anasema, naja. Mwaka jana miguu ilikuwa imevimba, akavua viatu akasimama juu ya gunia."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alitukataza. Alisema siku hiyo wewe unafurahi sana."

Kuna jiwe hapo karibu na tangi ambalo tulikuwa tukiwekea ndoo. Niliketi juu yake, nikalia mbele ya mtoto wangu kwa mara ya kwanza. Siku zote nilikuwa nikiwaambia watu kanisani kwamba familia yangu hukaa pamoja Krismasi, na nilikuwa nikisema hivyo kwa kiburi kidogo. Sikuwa nadanganya. Nilikuwa sijahesabu vizuri viti.

Binti yangu aliniwekea mkono begani. "Hakuwa na hasira na wewe, Baba. Alikuwa amechoka tu."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku hiyo. Nafikiri hasira ningeweza kuivumilia vizuri zaidi.

Kesho yake tuliporudi kutoka kanisani, nilimpa ufunguo wa jikoni. Nikawaambia wote kwamba mtu yeyote asimsumbue, hata kama anataka maji ya kunywa. Akaingia, akafunga mlango. Tulikuwa nyuma ya nyumba tukimchuna mbuzi, na tukasikia kijiti kikigonga kibao, kisha kikanyamaza, kisha kikagonga tena. Kimya cha katikati kilikuwa kirefu. Mwanangu aliacha kisu na kunitazama, nami nikatikisa kichwa kumzuia, tukaendelea na kazi. Baadaye mlango ukafunguliwa na akatuita sisi wanaume, macho yake mekundu, tumtolee jiko nje, zilizobaki tuzipike pamoja.

Tuliliweka kwenye nyasi, na benchi langu la useremala likawa meza ya kusukumia. Mimi nilisukuma, mwanangu akageuza na kuunguza vidole, wakwe zangu wakabishana kuhusu mafuta. Nyama ilikuwa imeshaiva, na watoto walikuwa wanaizunguka kama paka. Nikasema leo hakuna anayekula hadi kila mtu awe ameketi.

"Baba, nyama itapoa," mwanangu akalalamika.

"Ipoe."

Mjukuu wangu mdogo, msichana wa miaka mitano, alinivuta shati. "Guka, kwani tunangoja nani?"

"Tunamngoja mama yako. Bado ana chapati mbili motoni."

Tulingoja, na nyama ikapoa kweli. Binti yangu akaipua ya mwisho, akanawa mikono, akaja na kuketi kando yangu na unga kwenye kipaji cha uso. Nilimkatia ini, kipande kikubwa kuliko kawaida. Kwenye sahani zilikuwepo chapati zake, laini, zenye matabaka, na zangu za jana ambazo zilikuwa zimeanza kukakamaa. Akachukua yangu.

"Imekauka kidogo," akasema akitafuna.

"Najua."

Akala yote, kisha akaomba supu ili achovye yangu ya pili.