Wastani Ulikuwa Sawa

Siku hizi kwenye korido ya matibabu ya mionzi hakuna tena anayechungulia mlangoni asubuhi na kusema, "Subirini kwanza." Wagonjwa wanaitwa kwa spika iliyotundikwa ukutani, wanaingia, wanatoka. Benchi ni lile lile, limechubuka rangi pale watu wanapoegemeza viwiko. Lakini wagonjwa wa zamani wakikaa hapo bado huutazama mlango, kana kwamba atatokea yule mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, waliyemwita Mama Subiri.

Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine. Kabla mgonjwa wa kwanza hajalala kwenye kile kitanda chembamba, yeye aliweka kipimo mahali pa mgonjwa, akafunga mlango mzito, akawasha mwale na kusoma namba. Alirudia, akarudia tena, ndipo akaruhusu watu. Na mashine ya zamani, ile ya madini ya kobalti, haikuwa na ugomvi. Ilififia polepole kama mzazi anayezeeka. Ulijua mwakani itakuwa imepungua kiasi gani, ukamwongezea mgonjwa muda, basi. Hii mpya ya umeme ilikuwa na nguvu na wepesi, ila iliweza kupanda na kushuka bila kukuaga. Kila alipoiwasha, aliitegea sikio.

Kutega sikio huko alikujua tangu utotoni. Mama yao alipofariki alilelewa na dada yake, na dada alikuwa mtu wa moto wa kifuu. Asubuhi angekukumbatia mpaka ukose pumzi. Mchana, kwa sababu ya kijiko kilichobaki na povu, angekuambia ufungashe virago. Jioni ungekuta amekuwekea chakula, amekifunika kwa sahani. Mdogo mtu alikua akisikiliza hatua, akisikiliza sufuria zinavyowekwa, ili ajue leo yupo na dada yupi.

Dada alipogundulika ana saratani ya titi, alipangiwa mashine hiyo hiyo. Walimchora alama za wino kifuani, za kulenga mwale, wakamwonya asizisugue. Mwanzoni alikuja akiimba. Kisha siku moja mhudumu akamwita "bibi", kana kwamba ni kikongwe. Alirudi nyumbani kimya, akaingia bafuni, akazisugua alama zote kwa dodoki mpaka ngozi ikawa nyekundu. Ikabidi apimwe na kuchorwa upya, na siku zikapotea. Daktari hakumficha mdogo mtu: "Akikatisha tena, siwezi kukuahidi kitu."

Asubuhi ya kurudi, dada alifika kabla ya wote, kilemba kimekaa vizuri, akawachekesha benchi zima.

"Huyo mnayemwogopa nimemwogesha mimi," alisema, akiuonyesha mlango kwa mdomo. "Akiona povu, kilio mtaa mzima."

"Dada, nakusikia!"

"Sikia! Na ufanye haraka, nimeacha nguo kwenye maji."

Ndani, namba ya kwanza ilikuwa juu. Ya pili ikaanguka. Ya tatu ikapanda tena, lakini haikuifikia ya kwanza. Mama Subiri akajumlisha, akagawanya. Wastani ulikuwa sawa, sawa kabisa. Angeweza kuuandika huo na kuita watu, na hakuna ambaye angemlaumu. Akampigia mtaalamu wa vipimo, aliyekuwa safarini.

"Wastani unasemaje?"

"Uko sawa."

"Na mashine yenyewe?"

"Haitulii."

"Mimi siko hapo, mama. Wewe ndiye uko mbele yake."

Alibaki na simu mkononi. Nje, dada alikuwa amewaangusha tena kwa kicheko. Kwa wastani, dada yake alimpenda. Hilo hakuwahi kulitilia shaka. Ungechukua mwaka mzima, makofi na sahani zilizofunikwa, ukagawanya, ungepata mapenzi ya kutosha na kubaki. Lakini yeye hakuishi ndani ya hesabu ya mwaka. Aliamka asubuhi moja, kisha nyingine, na kila moja ilimpiga kwa kadiri yake.

Akafungua mlango.

"Subirini kwanza," alisema. "Hapana. Leo nendeni nyumbani. Mashine haiko sawa, mtapigiwa simu."

Benchi likaguna. Dada akainuka taratibu, kicheko kimemkauka usoni.

"Nimekuja mwenyewe. Sikubembelezwa na mtu. Ndiyo unanifukuza?"

"Sikufukuzi, dada. Nakuhofia."

"Kunihofia umeanza unatambaa. Basi sirudi! Hata mnitumie gari la kifahari, sirudi!"

Viatu vyake viligonga mpaka mwisho wa korido.

Mchana fundi aligundua kwamba pampu ya maji ya kupoza mashine ilikuwa inachoka. "Labda isingemdhuru mtu leo," alisema akifuta mikono. "Labda." Mama Subiri alitembea na neno hilo njia nzima hadi kwa dada.

Alikuta mlango haujafungwa. Bafuni maji yalikuwa yanamwagika, na kitu kilikuwa kinasugua, kinasugua. Dodoki halikuwa kwenye msumari wake kando ya mlango.

"Dada?"

Maji tu. Alitaka kugonga, akaogopa kuchochea. Alitaka kunyamaza, akauona akilini wino ukitiririka kuelekea kwenye tundu la sakafu. Akakaa chini, mgongo ukutani.

Mlango ulipofunguka, dada alikuwa amejifunga taulo. Juu ya taulo, alama zilikuwepo, nyeusi, zote.

"Unafanya nini hapo chini kama paka?"

"Alama..."

"Nimeziruka." Alimpita, kisha akasema bila kugeuka: "Nilizifikia, nikaziruka. Usinizoee."

Mashine ilipotengemaa, dada alirudi, akagombana na karibu kila mtu, na akamaliza matibabu. Mama Subiri amestaafu. Sasa anaishi kwa dada yake, katika chumba kinachopakana na jiko, na kila asubuhi husikiliza sufuria kabla ya kutoka.