Stesheni ya Kalemie Mezani Petu

Mwaka mzima, hapa nyumbani Rusizi, nimekuwa nikijenga mezani stesheni ya Kalemie ya utoto wetu. Reli ni spoki za baiskeli, mabehewa ni makopo ya samaki, ziwa ni karatasi. Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, ndiye pekee aliyebaki anayeikumbuka, kwa hiyo alipovuka mpaka kutoka Bukavu Jumapili nilimngoja kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Aliinama mezani, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka.

“Mzee, ziwa umeliweka mlimani! Sisi tulikuwa tunaogea kwenye majani?”

“Yaya, basi nionyeshe.”

Akaling’oa ziwa langu la karatasi, akalihamishia upande wa pili wa reli.

“Lete gundi. Na kibanda cha maandazi cha mama kiko wapi?”

Nikaleta gundi, nikimshukuru Mungu aliyetubakiza wawili.