Nyumba ya Marehemu Mwanangu

Barazani kwangu Mlingotini tulikuwa wanne: mimi, mjukuu wangu, baba yake mdogo, na afisa wa serikali. Serikali ilikuwa ikiwasaidia malipo ya mwanzo ya nyumba wale ambao wazazi wao hawakuwahi kumiliki nyumba, na mjukuu wangu alikuwa ameomba.

"Marehemu baba yake alikuwa na nyumba?" afisa akauliza.

Baba mdogo akadakia: "Kaka yangu awe hana kwake? Thubutu! Alijenga kwa mikono yake!"

"Baba mdogo, nakuomba," mjukuu wangu akasema, machozi yakimlengalenga.

Nikamwambia afisa kile kilikuwa kibanda tu.

"Bibi, nimeshasikia," akasema, akaandika kuwa marehemu alikuwa na nyumba, akaaga.

Mimi nakumbuka kibanda cha udongo, mvua ikakibomoa kabla ya arobaini ya mwanangu. Kama palikuwa na nyumba nami nimesahau, anayejua anisahihishe.