Maswali Yangu Matatu kwa Hoteli ya Mwanza

Naona aibu hata kuanza, lakini afadhali mlisikie jambo hili kwangu kuliko kwa baba mdogo, maana yeye huongeza chumvi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nimemaliza chuo na kupata kazi yangu ya kwanza Shinyanga mjini, nikaamua kuwapeleka baba, mama na dada yangu wakapumzike Mwanza, kwenye hoteli ya kando ya ziwa. Wakati huo Mama Yasmini, mwenye duka la vitambaa, alikuwa ameunganisha kompyuta yake na simu, na ukimlipa unaingia kwenye intaneti. Nikaiona hoteli kwa macho yangu, picha ikifunguka polepole kutoka juu, kwanza anga, kisha paa, kisha meza zenye vitambaa vyeupe. Zile meza ndizo zilizoniponza. Badala ya kuwaandikia barua pepe ya kuuliza vyumba tu na kuondoka, nikaongeza maswali matatu (mnanijua, mimi hata kununua sabuni nawaza mara mbili).

Anwani ya barua pepe ilikuwa moja, ya duka, kwa ajili ya sisi wateja wote. Jibu likija, Mama Yasmini alilichapa na kuliweka kaunta mpaka mwenyewe apite. Aliyepita ni baba.

Jumapili nikakuta nyumbani watu wamejaa, shangazi, majirani, baba mdogo ambaye ni mwalimu mstaafu, wote wamekuja kutuaga ingawa safari ilibakiza wiki nzima. Baba akatoa karatasi mfukoni, hajaisoma, anang'aa, akanipa.

"Ng'wana wane, mwanangu, barua yetu ya kompyuta hii. Soma wasikie."

Nikasoma kwa madaha: karibuni sana, vyumba viwili vipo. Shangazi akapiga vigelegele. Nikashusha macho. Chini ya jibu kulikuwa na barua yangu mwenyewe, neno kwa neno! (Nani aliniambia kwamba mashine hurudisha na ulichoandika?) Nikaikunja haraka.

"Mbona maandishi yanaendelea?" baba mdogo akauliza.

"Ni anwani tu, baba mdogo."

"Anwani gani ina alama za kuuliza? Lete."

Akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya darasani: "Je, mnaweza kutupa meza ya pembeni? Baba hajui uma na kisu, nisingependa wageni wamtazame. Je, yupo mtu wa kumwelekeza choo cha kukalia bila yeye kujua kwamba anaelekezwa? Je, mnaweza kumzuia kwa adabu asije kula amevaa katambuga zake za tairi? Mimi nikimwambia atakasirika."

Kwenye swali la choo watu walicheka. Kwenye la katambuga hakucheka mtu. Mama aliinamisha kichwa, dada akanitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi, na mimi nikabaki nikijiuliza kama kweli ni mimi niliyeandika yale.

Baba aliichukua karatasi, akairudisha mfukoni. Kisha akaniuliza taratibu, "Sisi tukikaa pembeni, wewe ungekaa meza ipi?"

Wallahi, nina digrii, lakini niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Safari ipo," akasema. "Nafasi yako nampa shangazi yako. Yeye hanionei aibu."

"Nimeshafunga mzigo, kaka!" shangazi akadakia, na watu wakapata pa kuchekea.

Wakaenda, kwa pesa yangu, siku tano. Waliporudi, baba alinipa sato mkubwa wa ziwani na kuitikia shikamoo yangu vizuri, lakini habari za Mwanza alizisimulia mtaa mzima isipokuwa kwangu. Mpaka leo nasikia vipande tu kwa majirani.

Tangu hapo nimeapa: nikiwa na wasiwasi kuhusu mzazi wangu, namuuliza mwenyewe, uso kwa uso. Akikasirika, akasirike. Hasira yake ningeiweza kuliko kunyimwa hadithi zake.