Hapo Tunaburuta

Watoto wa chekechea wakilala mchana, mpishi husogelea dirisha la jiko kumtazama mwalimu anayewatungia ngoma. Mwalimu huvua viatu, huhesabu kwa midomo bila sauti, huruka peke yake ukumbini kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. "Utavunjika kiuno, dada!" mpishi humtania. Akifundisha, huwapa watoto mgongo, ili mkono wao wa kulia uwe upande mmoja na wake. Na hatua huziokota kwao wenyewe: mmoja akijikwaa, kujikwaa kunakuwa mtindo. Alipokuja binti mdogo anayeburuta mguu wa kushoto, mwalimu alimtazama siku mbili, ya tatu akawaambia wote ishirini na wanne, "Haya wanangu, moja, mbili, buruta!" Siku ya wazazi hakuna mgeni aliyejua mwenye mguu mbovu ni yupi, na mama yake alipiga makofi mpaka mkoba ukamdondoka.

Likizo ilipokwisha, binti hakurudi. Homa ya siku tatu tu ilimchukua. Jumatatu hiyo mwalimu aliiondoa ile hatua: moja, mbili, ruka. Watoto wakagoma kuruka. "Mwalimu, umesahau," mmoja akasema. "Hapo tunaburuta." Mwalimu hakugeuka. Mpishi, kiazi mkononi hakijamenywa, ndiye pekee aliyeuona uso wake. Kisha mwalimu akahesabu, safari hii kwa sauti, na nyuma yake miguu ishirini na mitatu ya kushoto ikaburuta sakafu kwa pamoja.