Kiatu Chekundu cha Lovina

Kezia Thurlow hakupendwa pale kijijini kwao Vermont, Marekani, wala hilo halikumnyima usingizi. Alikuwa mke wa mtengeneza mapipa, ana ulimi mkali, na wanawe wawili wa kiume wamelala nyuma ya kanisa, wote wamekwenda na ugonjwa wa koo. Aliyebaki alikuwa Lovina, wa miaka mitatu. Kezia aliapa kwamba huyu haendi popote.

Kiangazi cha mwaka 1833 akapita mchoraji, Bwana Pettengill, na gari lake la farasi. Wakati wa baridi jamaa huyu hujifungia ndani akachora viwiliwili vya watoto, na mikono na miguu yake, ila visivyo na vichwa, kisha kiangazi huzunguka nyumba hadi nyumba akivitia nyuso. Uvivu mtupu. Asaheli, mumewe Kezia, alimpokea na kumlisha maharagwe na mkate wa mahindi siku nne nzima ili amchore Lovina.

Picha ilipogeuzwa, uso ulikuwa wa Lovina kweli, hadi kidevu chake cha ubishi. Kezia hakuutazama. Alitazama miguu. Mmoja ulikuwa na kiatu chekundu, mwingine mtupu, kiatu chake kiko sakafuni. Hakuna mama wa pande zile asiyejua maana yake: hivyo ndivyo wanavyochorwa watoto waliokufa.

"Mwanangu yuko uani anakimbiza kuku," alisema. "Wewe umeshamzika."

Mchoraji alijitetea kwamba alichukua kiwiliwili cha juu kwenye rundo bila kuangalia, maana wanaomwita wengi ni wafiwa. Asaheli naye akasema ni mguu tu.

"Nyamaza, Asaheli. Na wewe, mvishe kiatu. Hutoki humu ndani mpaka umvishe."

Akasimama mgongoni kwake na ufagio mkononi. Pettengill akachora kiatu chekundu juu ya mguu ule, kibaya, kikubwa kama cha mkulima, na kile cha sakafuni akakifunika kwa kuchora paka. Akaondoka bila kuaga, na Kezia akamsindikiza kwa matusi hadi barabarani.

Mwezi wa Machi koo la Lovina likavimba. Siku ya tano akazikwa kando ya kaka zake. Majirani walikuja na mikate, Kezia akawafungia mlango.

Kesho yake asubuhi Asaheli alimkuta ameilaza picha mezani, anaikwangua kwa kisu cha kuchongea mapipa. Rangi nyekundu ilibanduka vipande vipande. Chini yake mguu mdogo ulikuwa palepale, na vidole vyake vyote.

Asaheli akamsihi aache, ataiharibu, hawana sura nyingine ya mtoto.

"Yule mpumbavu alisema kweli," Kezia alisema bila kuinua macho. "Mimi ndiye niliyemlazimisha kusema uongo. Toka hapa."

Alipomaliza mguu, akaanza kumkwangua paka, mpaka kiatu cha sakafuni kikaonekana.